Kukodi Boti Ugiriki: Anza na Upepo, Boti Baadaye

Picha za Ugiriki zinafanana mno: maji ya buluu, nyumba nyeupe, boti imetia nanga mbele ya mkahawa. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuchagua boti, wakalipa, kisha wakajikuta wamekwama bandarini siku tatu nzima kwa upepo ambao mvuvi yeyote wa pale angewaambia kuwa utakuja. Mwongozo huu unaanza na upepo, unafuata karatasi, ndipo boti. Nimechukua Ugiriki, na hasa visiwa vya Bahari ya Ionia upande wa magharibi, kwa sababu ndiko ninakomshauri aanzie mtu yeyote anayekodi kwa mara ya kwanza katika Mediterania.

Hatua ya 1: Chagua upepo, kisha visiwa

Bahari ya Aegean, upande wa mashariki wenye Mykonos, Paros, Naxos na Santorini, ina upepo wa msimu uitwao meltemi. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, na kilele chake ni Julai na Agosti. Msomaji wa Lamu au Unguja aliyezoea kusi hahitaji kuelezwa upepo wa msimu ni nini, ila meltemi ina tabia inayowadanganya wageni: huvuma chini ya anga safi, bila wingu wala tone la mvua. Unaamka, jua linawaka, unasema leo ni siku njema, na nje ya bandari mawimbi yanapasuka. Nguvu ya 6 katika kipimo cha Beaufort, kinachopima upepo kuanzia 0 (shwari) hadi 12 (kimbunga), ni kawaida, 7 na 8 si ajabu, na ikishika inaweza kukaa siku kadhaa. Kwa mabaharia wenye uzoefu ni bahari tamu sana. Kwa familia yenye watoto ni mateso.

Ionia ni habari nyingine. Kati ya Lefkada, Meganisi, Ithaca na Kefalonia, asubuhi bahari hulala. Mchana, kama saa saba au saa nane hivi, upepo uitwao maistro huanza kutoka kaskazini-magharibi, hufika nguvu ya 4 au 5, na jua likizama nao hutulia. Unapata nusu siku ya kuogelea na kutembea, na nusu siku ya kutweka tanga. Visiwa vimekaribiana, vingine vinakingana, kwa hiyo hata upepo ukizidi kuna ghuba ya kukimbilia.

Ghuba ya Saronic karibu na Athens iko katikati ya hizo mbili. Ukianzia marina ya Alimos unafika Aegina, Poros na Hydra kwa vipande vya safari vya maili 15 hivi za baharini kila kimoja. Inamfaa mwenye siku chache asiyetaka kusafiri mbali baada ya kushuka kwenye ndege.

Kuhusu mwezi: Juni na nusu ya kwanza ya Septemba ndiyo chaguo langu. Mei bei ni nafuu lakini maji bado yanauma kwa baridi. Agosti Waitaliano huja kwa wingi, na bandari ndogo kama Fiskardo ya Kefalonia hujaa kabla ya mchana kwisha. Vuli nayo ina hatari yake. Septemba 2020 dhoruba iliyopewa jina Ianos ilipiga Kefalonia, Ithaca na Zakynthos, ikazamisha na kutupa boti ufukoni. Dhoruba za namna hiyo ni chache, lakini anayekodi mwishoni mwa Septemba asome utabiri kila asubuhi bila kukosa.

Hatua ya 2: Viza kabla ya amana

Ugiriki iko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza, na hata anayeishi Uingereza kwa kibali anaihitaji pia, kwa sababu kibali cha Uingereza hakifungui mlango wa Schengen. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uholanzi, anaingia bila viza nyingine. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000. Mkataba wa boti unaweza kutumika kuonyesha mahali utakapolala, basi iombe kampuni ikupe uthibitisho ulioandikwa, pamoja na masharti ya kurudishiwa fedha viza ikikataliwa. Kama hawataki kuliandika hilo, tafuta wengine.

Na kama unawaza kuvuka kidogo hadi Uturuki au Albania kwa boti hiyohiyo, jua kwamba hapo unatoka Schengen na kuingia tena. Kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, taratibu za bandarini kwenda na kurudi, na ruhusa ya mwenye boti. Kwa wiki moja ya kwanza, achana nalo.

Hatua ya 3: Nani atakuwa nahodha?

Swali hili ndilo linaloamua unaweza kukodi nini.

Njia nyepesi ni boti ndogo ya injini isiyohitaji leseni. Ugiriki inaruhusu boti za kukodi zenye injini isiyozidi nguvu ya farasi 30, na utazikuta Corfu, Paxos, Milos na kwingineko. Ni boti ya mita tano hivi, ina kivuli cha turubai na ngazi ya kuogelea. Unachukua asubuhi, unafundishwa kwa dakika chache, unapewa ramani yenye mpaka usiovukwa, unarudisha kabla jua halijazama. Nchi jirani zina mipaka yao: Italia ni farasi 40.8, Hispania ni 15 kwa boti isiyozidi mita 5, Ufaransa ni 6 tu. Usidhani ulichoruhusiwa Paxos kinaruhusiwa Nice. Onyo moja ninalolisisitiza hapa: zima injini kabisa, si kuitoa gia tu, kila mtu anapokuwa majini karibu na boti. Rafadha, yaani panga la injini linalozunguka majini, haisamehi.

Njia ya pili ni kukodi boti ya matanga na kuiendesha mwenyewe. Mamlaka za bandari za Ugiriki zinataka nahodha mwenye cheti kinachotambulika, na mtu wa pili ndani ya boti mwenye uzoefu, ambaye kwa kawaida anaruhusiwa kutia sahihi tamko la uzoefu wake badala ya kuonyesha cheti. Cheti kinachokubalika kwa urahisi zaidi ni ICC, cheti cha kimataifa cha manahodha wa vyombo vya starehe kinachotokana na Azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Mtu anaweza kuwa amezaliwa na kukulia ndani ya jahazi, akajua bahari kuliko mkufunzi wa chuo, lakini pale gatini anaulizwa karatasi. Mwenye ujuzi huo asikate tamaa: mara nyingi atahitaji kozi fupi na mtihani, si kuanza alifu kwa ujiti. Atume nakala ya cheti kwa kampuni kabla ya kulipa chochote, na aulize kwa maandishi kama kinakubalika.

Njia ya tatu ni kukodi boti pamoja na nahodha. Utamlipa kwa siku, mara nyingi kati ya euro 180 na 250, utamlisha, na utampa mahali pa kulala. Kwa kundi lisilo na mzoefu hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na fedha hizo hazipotei: utajifunza kwake mambo ambayo ungeyajua kwa kuvunja vitu. Mwambie mapema kama unataka kufundishwa au kubebwa tu. Mwambie pia kuhusu chakula, kwa mfano kama kundi lenu halitumii pombe wala nguruwe, ili manunuzi na mikahawa ipangwe mapema.

Kuna njia ya nne iliyoshamiri sana Ionia: msafara. Boti kadhaa huondoka pamoja zikiongozwa na boti moja yenye nahodha mzoefu na fundi. Kila boti ina nahodha wake mwenye cheti, lakini asubuhi wote huelezwa hali ya hewa na njia, na jioni anayeongoza hukusubiri gatini apokee kamba zako. Mwenye cheti kipya na moyo mzito ajiunge na msafara.

Hatua ya 4: Boti yenyewe

Sasa chagua. Boti ya kawaida ya matanga yenye futi 36 hadi 40 inawatosha watu wanne hadi sita. Tangazo likisema vitanda 8, ujue wawili kati yao watalala sebuleni juu ya meza iliyoshushwa. Nahodha wa kukodi anahesabiwa kitanda.

Katamarani, yaani boti yenye miili miwili sambamba, haiinamii upande mmoja, ina nafasi, wazee na watoto huifurahia. Lakini bei yake iko juu sana, na upana wake unakufungia bandari nyingi ndogo ambazo ndizo utamu wa Ionia. Tazama pia mwaka wa boti na mwaka ambao matanga yalibadilishwa. Boti ya miaka kumi iliyotunzwa vizuri haina aibu yoyote.

Hatua ya 5: Bei, amana na mkataba

Kukodi huenda kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Boti ya futi 36 hadi 40 huko Lefkada hugharimu takriban euro 1,500 hadi 2,500 kwa wiki Mei au Oktoba, na Agosti bei inaweza kufika mara mbili yake. Juu ya hapo ongeza usafi wa mwisho, mashuka, injini ya kiboti cha mpira, dizeli, ushuru wa bandari, na kodi ya vyombo vya starehe iitwayo TEPAI. Uliza waziwazi kama TEPAI imo ndani ya bei au iko nje. Kwa kawaida nusu hulipwa wakati wa kuweka nafasi, na nusu mwezi mmoja hivi kabla ya safari.

Kisha kuna dhamana ya uharibifu, ambayo kwa boti ya ukubwa huo mara nyingi ni euro 2,000 hadi 3,000. Huzuiwa kwenye kadi ya mkopo, na hapa ndipo wengi hukwama: kadi ya kawaida ya benki, au ile iliyounganishwa na fedha za simu, mara nyingi hukataliwa. Piga simu benki yako wiki mbili kabla, ongeza kiwango cha kadi, waambie malipo yatatoka Ugiriki. Kampuni nyingi huuza bima ya kupunguza dhamana. Kwa mtu wa mara ya kwanza naona inafaa, mradi umesoma kile ambacho haibebi. Mara nyingi haibebi nanga iliyopotea, kiboti cha mpira, wala matanga yaliyochanika.

Katika mkataba tafuta mambo manne: ni nguvu gani ya upepo inayokukataza kutoka bandarini, nani hulipa boti ikiharibika katikati ya wiki, unarudishiwa nini ukiahirisha, na mipaka ya eneo. Orodha ya watu wote yenye majina na namba za pasipoti hutumwa mapema, nayo lazima ilingane na waliomo botini. Usimchukue rafiki njiani bila kumwandikisha.

Hatua ya 6: Makabidhiano

Mtafika Lefkada mmechoka. Uwanja wa ndege wa Aktio karibu na Preveza uko mwendo mfupi wa gari, na kisiwa kimeunganishwa na bara kwa daraja, hivyo hakuna feri ya kukimbilia. Boti hutolewa kama saa kumi na moja jioni. Watoto wanataka kuogelea, mtu wa kampuni ana boti nyingine za kukabidhi, na kila kitu kinakusukuma utie sahihi haraka. Usikubali. Dakika tisini za jioni hiyo ndizo zenye thamani kuliko zote za wiki.

Piga picha na video kila mkwaruzo ubavuni, omo (mbele ya boti), tezi (nyuma yake) na usukani. Washa injini na uchungulie nyuma: maji ya kupoozea lazima yatoke na moshi. Uonyeshwe kijiti cha mafuta ya injini. Kunjua matanga yote hata kama hakuna nafasi ya kutosha gatini. Tanga lililochanika ukiligundua Jumatatu, limechanwa na wewe. Shusha nanga kidogo na uipandishe, uulize mnyororo una mita ngapi na umewekwa alama gani. Uliza pia swichi ya umeme ya winchi, mashine inayovuta nanga, iko wapi, maana huzima yenyewe ikizidiwa, na kila mara huzima wakati mbaya.

Hesabu majaketi okozi, uyajaribu kwa watoto mmoja mmoja. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto halifai chochote. Tazama tarehe za fataki za dharura na vizima moto. Fungua redio ya VHF na uwafundishe watu wawili kuitumia. Jua bomba la kila choo linafungwa wapi, gesi inafungwa wapi, pampu ya maji yanayoingia chini iko wapi na mpini wake uko wapi. Ruka majini na miwani ya kuogelea utazame rafadha na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, hata kama umeambiwa mzamiaji amekwisha kuangalia. Kila kasoro iandikwe kwenye fomu, kisha ndipo utie sahihi.

Hatua ya 7: Njia ya wiki

Usipange kuzunguka visiwa vyote. Kutoka Lefkada shuka hadi Meganisi, kesho yake Kioni upande wa mashariki wa Ithaca, halafu Fiskardo kwenye ncha ya Kefalonia, kisha Sivota kusini mwa Lefkada, na urudi. Vipande vingi vya safari ni kati ya maili 10 na 15, yaani mwendo wa saa mbili au tatu. Acha siku moja tupu kwa ajili ya hali ya hewa. Angalia majina: Vathy iko Meganisi na nyingine iko Ithaca, Sivota iko Lefkada na nyingine iko bara karibu na Paxos. Unapoandika kwenye kifaa cha ramani hakikisha umechagua yako.

Utabiri wa Poseidon wa kituo cha utafiti wa bahari cha Ugiriki ni mzuri, na ule wa programu ya Windy hutumiwa na wengi. Soma yote mawili, na yakipingana amini lililo baya zaidi.

Hatua ya 8: Kufunga gati kwa tezi

Hapa ndipo wageni hutetemeka, na ndipo boti hukwaruzwa. Katika pwani yetu maji hupwa na kujaa mita tatu hadi nne wakati wa bamvua, na kila kitu hupangwa kwa saa ya maji. Mediterania kwa sehemu kubwa maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana boti hufungwa karibu na ukuta, tezi ikielekea gatini na nanga ikiwa imetupwa mbele, zikibanana ubavu kwa ubavu.

Fanya hivi. Kabla ya kuingia, ning'iniza dafrao, yaani maboya ya kukinga ubavu, pande zote mbili na uandae kamba mbili za tezi. Zunguka mara moja nje uone nafasi na upepo unatoka wapi. Geuza tezi ielekee pengo, ukiwa mita 40 hadi 50 kutoka ukutani, na uamuru nanga ishuke. Rudi nyuma polepole na bila kusita, mtu wa omo akiuachia mnyororo utiririke. Akiubana, boti itakwenda upande. Kamba ya upande wa upepo hufungwa kwanza, kisha ya pili, kisha mnyororo ukazwe mpaka boti isimame mita moja na nusu hivi kutoka ukutani. Feri ikipita, mawimbi yake huisukuma boti nyuma, na nafasi hiyo ndiyo inayookoa tezi yako. Asiweke mtu mguu wala mkono kati ya boti na ukuta, kamwe. Mambo yakienda kombo, toka, zunguka, anza tena. Mabaharia wa kweli hawakucheki kwa kurudia.

Asubuhi unaweza kukuta mnyororo wa jirani umelala juu ya wako, hasa Fiskardo na Hydra. Pandisha nanga taratibu hadi mnyororo wake uonekane, pitisha kamba chini yake, funga ncha zote mbili kwenye boti yako, kisha shusha nanga yako kidogo ichomoke. Ukiwa huru, achia ncha moja ya kamba. Ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mtulivu.

Ukitia nanga ghubani, tafuta madoa meupe, yaani mchanga. Madoa meusi mara nyingi ni majani ya baharini yaitwayo posidonia. Hukua polepole mno, samaki wachanga huyategemea, sheria za Umoja wa Ulaya zinayalinda, na nanga yako haishiki vizuri juu yake. Achia mnyororo mara tatu hadi tano ya kina, rudi nyuma kwa injini ujaribu kama imeshika, kisha uogelee uitazame.

Migahawa ya Sivota na Meganisi ina gati zake ndogo. Ukila kwao jioni, kufunga huwa bure na mara nyingi maji na umeme vimo. Piga simu mchana kuweka nafasi.

Hatua ya 9: Ndani ya boti

Tangi la maji baridi huisha upesi kuliko mnavyofikiri: oga baharini, jisuuze kwa maji kidogo. Karatasi haziingii chooni, na tangi la maji machafu hufunguliwa mbali baharini, si ghubani watu wanakoogelea. Wanaolevywa na bahari wakae nje wakitazama upeo, na dawa inywewe kabla ya kuondoka.

Dharura ikitokea, redio ni chaneli 16 ya VHF. Walinzi wa pwani wa Ugiriki ni 108 na namba ya Ulaya nzima ni 112. Andika namba hizo, jina la boti na namna ya kusoma mahali mlipo, ubandike karatasi kando ya redio.

Hatua ya 10: Kurudisha

Boti hurudi Ijumaa jioni, na watu hushuka Jumamosi kama saa tatu asubuhi. Foleni ya dizeli siku ya Ijumaa ni ndefu, basi fika mapema mchana na uhifadhi risiti. Kitu kikiwa kimevunjika, sema mwenyewe kabla hawajauliza. Mambo mengi madogo humalizwa pale pale. Mzamiaji akishaangalia chini, linganisha matokeo na picha zako za Jumamosi iliyopita, uombe karatasi inayosema dhamana imeachiliwa yote, na usiondoke bila nakala yake. Benki inaweza kuchukua siku kadhaa kabla fedha hazijaonekana tena kwenye kadi.